Mizani

Malindi, uwanja wa Barani, Idd mosi alasiri,
jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Pembea likasimama na watoto kumi na wanne juu,
viatu vipya vinaning'inia.

"Rukeni, tutawadaka!" baba mmoja akapaza sauti.
Nikamwambia: wewe mshike mwanao kwa macho,
mimi namshika kwa breki.

Marehemu Shebwana, aliyeniachia spana hii,
hakunifundisha mbio. Alinifundisha hesabu:
ukimshusha wa kulia, mshushe na wa kushoto,
la sivyo upande mzito utashuka wenyewe,
nao hauulizi yumo nani.

Tukalizungusha kwa mikono, mimi na Kadzo muuza viazi,
mafuta bado vidoleni mwake.
Mmoja huku.
Mmoja kule.
Kiti cha saba, msichana katoka kupakwa hina,
kakumbatia chuma hata ua la kiganjani
likahamia kwenye rangi ya buluu.

Usiku nimekaza nati zote upya.
Ua lile sikulifuta.
Kesho, kabla ya tiketi ya kwanza,
nitapanda peke yangu raundi tatu, polepole,
nisikie chuma kinalia wapi.