Shimo la Tatu, Nyuma ya Gesti

Shimo la tatu, kina cha sentimita sitini,
sakafu ya chokaa iliuitikia mwiko wangu
ngo,
kama mlango unaogongwa usiku.
Dokta Lyatuu akachuchumaa, akapuliza vumbi.
"Nyumba," akasema. "Nyumba ya tajiri."
Nikaandika *nyumba* kwa penseli,
maana jua la saa saba la Bagamoyo halitaki ubishi.

Na tulikuwa tumepata nini?
Meko saba ukutani, kila moja na jivu lake.
Shanga nyekundu, shanga za buluu, moja ya kijani iliyopasuka.
Vigae visivyofanana hata viwili:
mdomo mnene wa bara, shingo nyembamba ya pwani.
Kizingiti kimeliwa katikati
kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Gesti iliyo ubavuni ni ya Bi Siwema,
vyumba sita, feni nne, moja huzunguka.
Alitoka kumwaga maji ya deki, akasimama na ndoo
akilitazama shimo
kama atazamavyo kitanda mgeni akishaondoka.

"Mwanangu, nyumba haina meko saba.
Nyumba ina moja, nalo lina ugomvi.
Kinu kiko wapi? Jiwe la kusagia?
Hawa walipika kila mtu chake,
wakala wamepeana migongo.
Na hicho kizingiti, tazama:
mguu unaokula jiwe ni mguu wa mpita njia."

Dokta akavua miwani, akaivaa tena.
Akamwonyesha chumba cha kaskazini,
plasta laini, kigae cha sahani ya maua,
choo chake peke yake.
Bi Siwema akacheka mpaka ndoo ikamwagika.
"Hicho cha mkubwa! Hata mimi ninacho,
namba moja, chandarua hakina tundu.
Mwenye barua ya serikali hulala humo
na hulipa kwa kusaini."

Tukacheka sote. Mimi ndiye niliyeuliza
habari za pete ya chuma, pembe ya mwisho,
iliyong'ang'ania ukuta.
"Ya punda?"

Akainama. Akapima kwa shubiri,
moja, na vidole viwili.
"Punda hafungwi chini hivi," akasema,
akaingia ndani bila ndoo yake.

Jioni, mapokezi, nilikifungua kitabu chake cha wageni.
Jina. Kabila. Utokako. Uendako. Sahihi.
Mtu wa Kilosa, muuza vitenge. Fundi jokofu wa Handeni.
Kila mmoja ameandika aendako
kwa mwandiko wa haraka, wa mtu anayejua.

Nikarudi kwenye daftari langu,
nikafuta *nyumba*,
nikachora safu zilezile tano.
Nne nikaziacha wazi.
Penye sahihi nikaandika:
pete, chuma, moja;
kutoka sakafuni, sentimita ishirini na sita.