Fanya Juu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hapa Sheffield nilingoja miaka mitatu,
jina langu likipanda orodha ya halmashauri
kama konokono kwenye jani la kabichi,
hadi barua ikaja: kiwanja namba arobaini na moja,
mteremkoni, nyuma ya reli.

Jembe nilikuwa nalo.
Nililitoa Lushoto bila mpini, limeviringishwa kanga mbili;
afisa wa forodha aliligeuza, akalinusa,
akauliza kama ni silaha.
Mji huu umefua visu vya nusu ya dunia
lakini jembe la kuinamia haulijui.
Mpini alinichongea Naji, Myemeni,
miaka thelathini tanuruni, vidole saba vimebaki.
Mti huu unaugua nchi nzima, alisema,
usiupoteze bure.

Asubuhi ya kwanza nikaliinua,
na sauti ikanidaka kutoka ng'ambo ya ua:
Usilime!
Ndiye Glenys Ibbotson, dereva wa basi mstaafu,
suruali kaifunga kwa kamba ya katani.
Humo ndani mna wenyewe, akasema.
Humpasulii mtu paa ili umsalimu.

Basi nikalitundika msumarini,
mimi niliyelisafirisha kama mtoto,
nikaenda kuomba maboksi.
Boksi la ndizi kwa kinyozi Mkurdi,
la televisheni kwa mwanafunzi wa ghorofani,
la nepi kwa Jolana, aliyejifungua pacha.
Tukayalaza juu ya nyasi, tukayalowesha,
tukayafunika kinyesi cha farasi wa polisi,
machicha ya kahawa,
majani ya chai ya msikiti mzima.
Februari lundo la mboji likafuka katikati ya theluji
kama sufuria iliyosahauliwa.
Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikapata joto
ambalo nyumba yangu, kwa bei ya gesi ya mwaka ule,
haikuwa nalo.

Kisha Novemba.
Mvua ikashuka na mlima, haikubisha hodi,
ikaichukua mboji, ikavichukua vitunguu,
ikavipeleka vyote mlangoni kwa banda la Naji.
Glenys akaja na kitabu kilicholowa,
kidole juu ya mchoro, akilisoma neno kwa taabu:
fa-nia ju-u.
Ni Kijapani, au?
Nilicheka hadi nikaketi topeni.

Halafu nikaacha kucheka.
Bibi yangu alitozwa faini, shilingi na kondoo,
kwa kukataa kuchimba matuta,
bwana shamba wa Kiingereza kamsimamia na filimbi.
Hakukataa matuta.
Alikataa filimbi.

Nilimweleza Glenys nusu. Nusu nikabaki nayo.
Hakujibu. Alivua glavu, akaenda msumarini,
akaniletea jembe kwa mikono miwili.

Siku nne tulichimba,
usawa tukiupima kwa mpira uliojaa maji,
yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, tukipigiana kelele.
Udongo tuliurusha upande wa mlima, fanya juu,
Glenys akihesabu, fanya juu,
na Naji akaushika mgongo akasema kwa Kiarabu
neno lisilohitaji mkalimani.
Jolana alileta supu, na pacha mmoja;
mwingine, alisema, analala, msimwamshe kwa simu.

Mvua ya Desemba ilikuja usiku.
Nilitoka na tochi, viatu vya mpira juu ya nguo za kulalia.
Maji yalikuwa mferejini, yametulia,
kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda
akaamua, basi, akae.

Jembe limerudi msumarini.
Halmashauri imeandika tena:
mitaro hairuhusiwi bila kibali.
Glenys anawajibu leo, kwa kalamu nyekundu,
na amenitaka nimwandikie lile neno pembeni,
kwa herufi kubwa, asije akalikosea.