Upande Gani wa Mstari

Mvua ya Eibar haina haraka.
Imekaa juu ya bonde tangu Jumanne
kama mgeni aliyeonja mchuzi akaupenda.
Karakanani taa zinawaka mchana.
Garbiñe anafuta bamba kwa kitambaa cha spiriti,
mara mbili, kona hadi kona,
maana wino hauandiki juu ya mafuta:
ncha hulewa, huteleza,
na kalamu nzima ikawa ya kutupwa.

Kifuniko kinatoka kwa meno.
Harufu kali, tamu, ya kupanda puani.
Anapaka ukanda mweusi ukingoni,
anasubiri pumzi tatu ukauke,
kisha juu ya weusi ule anaburuta sindano ya kuchorea
na mstari unazuka, mweupe, mwembamba kuliko unywele,
chuma kikichungulia.

Hili hakufundishwa na Eustakio.
Eustakio aliichukia kalamu.
“Mstari mnene kama mkia wa ng'ombe!
Milimita nzima! Haya, niambieni,
tunakata upande gani wa mstari?
Kushoto? Kulia? Au katikati ya shaka?”
Yeye alichora kwa sindano kavu,
pua karibu iguse bamba,
kisha akautafuta mstari wake kwa ukucha
pale sisi tusipoona kitu.

Ya kudumu, wameandika ubavuni mwa kalamu.
Ya kudumu! Mbele ya moto wa kuchomelea
namba hugeuka kahawia, kisha moshi, kisha hamna.
Tone moja la spiriti hula kazi ya asubuhi nzima.
Ila iguse shati nililovaa harusini kwa binamu yangu Beñat,
ndipo nilipojua maana ya kudumu.

Leo tumeishiwa feleji ya unene wa thelathini.
Garbiñe kapanda ngazi hadi rafu ya nyuma
ambako buibui ndio wasimamizi wa zamu.
Akashuka na kipande kizito kama mtoto wa miaka miwili,
akakilaza mezani, akapangusa vumbi.
Chini yake, wino.
Mwandiko ulioinama kama mtu apandaye mlima:

142,5. Nzuri. Msikate.
Na herufi E.

Kwa kalamu. Yeye!

Tukasimama tu. Kompresa ikajaa, ikanyamaza.
Miaka minne yuko kaburini,
na sindano yake tulimtilia mfukoni mwa koti
tukidhani tumemzika na kila alichokiamini.

Garbiñe akachukua vernia, akabana taya.
Mia moja arobaini na mbili.
Akapima tena. Akanipa mimi.
Mia moja arobaini na mbili, kamili.
Nusu milimita ya mzee
ilikuwa imelala ndani ya unene wa mstari.

Sikucheka. Nilitaka kucheka.
Nilitaka pia kumpigia mtu simu, sijui nani.

“Tufanyeje?” nikauliza.
“Mteja anakuja saa kumi,” akasema Garbiñe,
akalowesha kitambaa, akaifuta ile namba peke yake,
polepole, kama anayemfuta mtoto mdomo,
akaandika 142 kwa mkono wake ulionyooka.
Neno Nzuri hakuligusa.
Akapaka ukanda wake mweusi, akasubiri, akachora.
Kipimo kilitaka sabini na tisa,
na sabini na tisa iliangukia katikati ya Msikate.

Kipande kikaingia kwenye jiliwa.
Kabla ya kuwasha msumeno akanitazama.
“Upande gani?”
“Ule wa mabaki,” nikasema. “Siku zote ule wa mabaki.”

Maji meupe ya kukatia yakamwagika,
yakachukua unga wa chuma, yakaacha wino.

Jioni nilirudisha kilichobaki rafuni,
kule kwa buibui, maandishi yakitazama nje.
Kimeandikwa: Nzuri. Msi
na baada ya hapo ukingo, mwangavu,
bado una joto.