Chumba cha Uani

Mpangaji wa chumba cha uani alihama mwezi wa tatu,
akatuachia msumari ukutani, kalenda ya mwaka juzi,
nusu ya godoro, na deni la umeme.
Anyosisye akasema, tutafute mwingine kabla mvua haijakatika.
Nikasema, wako wapangaji wasiohitaji kitanda.
Akanitazama jinsi anavyokagua kiazi kilichopigwa na baridi:
hakukitupa, ila hakukitia sufuriani.

Mimi fundi majokofu. Miaka kumi na tisa pale Mwanjelwa
nimeyatia pumzi majokofu ya watu,
na yaliyokata roho, wenyewe hawakurudi kuyazika.
Matatu nikayabeba kwa guta hadi Uyole.
Nikayalaza chali, milango nikaing'oa,
matundu nikayaziba kwa silikoni,
nikayasugua kwa majivu siku mbili
hadi harufu ya nyama za sikukuu za watu ikatoka.
Ukuta wa jokofu una sifongo ndani.
Uliwekwa kuzuia joto lisiingie,
lakini sifongo haijui ndani wala nje;
ukiibadilishia kazi, itazuia joto lisitoke.
Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Daftari, ukurasa wa kwanza:
pampu ya hewa, mtumba, kwa Gwakisa, elfu kumi na nane,
nusu taslimu, nusu "tutaonana".
Mpira wa dripu, duka la dawa, elfu moja.
Chujio: godoro la mpangaji, limekatwa kwa kisu cha mkate.
Pumba za mpunga kutoka Usangu, magunia sita, nimelipia nauli tu,
yameegemea ukuta kama watu waliowahi foleni ya zahanati.
Kipimajoto cha homa hakifai, kinaanzia thelathini na tano;
hapa hata mimi sifiki.
Maji ya bomba yalale siku mbili, dawa itoke.
Hayo sikuyaandika bei.

Perege kumi na sita wakaja kutoka Kyela ndani ya ndoo,
madume manne, majike kumi na mawili.
Wiki tatu hawakufanya neno.
Watoto wa bonde, wamezoea maji ya uvuguvugu,
umewaleta Uyole mwezi wa sita,
nani angefikiria kuoa?

Halafu usiku ule. Kilichoniamsha ni kimya cha pampu.
Umeme umekwenda, saa nane,
na nje umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi.
Nikachukua kikombe, nikawa nachota na kumimina,
nachota na kumimina kutoka juu,
maji yavute hewa yanapoanguka.
Jokofu la kwanza, la pili, la tatu, narudi la kwanza.
Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi
mlango uliposukumwa kwa mguu.
Anyosisye, vitenge viwili mabegani,
amekumbatia chupa za soda zilizojaa maji ya moto.
Akaziteremsha majini moja moja, kama anayelaza watoto.
Zilipopoa akaenda kuchochea mkaa, akarudi.
Hivyo hivyo hadi jogoo wa kwa Mwasenga.

Siku ya nne jike mmoja akajitenga pembeni,
taya limevimba.
Nikamtupia chakula, hakugeuka.
Nikasema, basi, ugonjwa umeingia.
Anyosisye akainama hadi pua ikagusa maji.
"Haumwi huyu. Wanawe wamo mdomoni.
Wewe ungekula?"

Siku kumi na mbili hakula.
Ya kumi na tatu akafungua kinywa,
na maji yakaota macho.

Mimi nilihesabu mia moja tisini na mbili.
Yeye, mia mbili na nne.
Tumeandika zote.
Mtu wa Kiwira mwenye bwawa amesema atakuja Jumanne,
na alisema hivyo Jumanne iliyopita.
Gwakisa bado anadai elfu tisa.
Upepo ulikuwa unapita chini ya mlango,
nimeukunjia ile kalenda.