Ipe Muda

Daktari alisema, ipe muda.
Aliniambia mimi, fundi wa saa,
niliyekaa miaka thelathini na mmoja
chini ya ngazi za jengo moja la Latema,
kibanda cha upana wa mabega mawili.
Nikauliza, muda gani? Miezi mingapi?
Akatazama ukuta. Saa yake ya ukutani
ilikuwa nyuma dakika nne.
Sikumwambia.

Dripu ya kumi na mbili iliisha mwezi wa tano.
Kanisani Makadara wakanipigia makofi,
mchungaji akasema, "Ndugu Musyimi amepona,"
nikasimama, nikapunga mkono
ambao sikuusikia ukipunga.
Hakuna aliyenidokezea
kwamba ugonjwa huaga na dawa ikabaki,
kama mgeni aliyekwenda zake
viatu vyake vingali mlangoni.

Ncha za vidole zimekufa ganzi,
lakini si ganzi ya kimya. Ganzi inayong'ata.
Siafu ndani ya glavu.
Nyayo zinakanyaga changarawe
hata nikiwa peku juu ya zulia.
Na Julai hii ya Nairobi,
wingu limelalia mapaa kama kuku anayeatamia,
kufuli la kibanda huniunguza kwa baridi,
maji ya bomba ni vipande vya chupa.
Kalekye ndiye anayefungua friji siku hizi.
Ndiye anayenifunga shati,
akitazama kando nisione anavyonitazama.
Siku moja nilimkaripia kwa sababu ya kifungo.
Kifungo kimoja. Cha kola.
Akaketi kitandani akacheka,
kisha hakuwa anacheka.

Usiku ndio mrefu.
Mbwa wa Jericho wanabweka kwa zamu kama askari.
Miguu nje ya blanketi, maana blanketi ni miiba.
Miguu ndani ya blanketi, maana baridi ni miiba.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema.
Sawa. Koleo ni chuma, hununuliwa jingine Gikomba.
Wangesemaje mhunzi mwenyewe akiwa ndiye koleo?

Jana alikuja mwalimu Osiemo, mstaafu wa Ngara,
na saa ya marehemu mkewe ndani ya leso.
Saa ndogo ya kike, skrubu zake kama mbegu za mchicha.
Ningempa Simiyu, kijana wangu, ana macho na mikono,
lakini mzee alikuwa ananitazama mimi.
Skrubu ya kwanza ikadondoka.
Ya pili.
Simiyu akapiga magoti na sumaku, bila neno.
Namshukuru kwa lile bila-neno.

Vidole vikakataa kuniambia lolote,
nikaiweka saa shavuni.
Shavu bado ni langu.
Na mdomo, uliokuwa vidonda vitupu mwezi wa tatu,
nikinywa uji kwa mrija na machozi,
mdomo umerudi.
Nikaipitisha polepole kwenye mdomo wa chini
nikasikia kamani ilipokwama:
mkwaruzo mdogo, punje ya mchanga kwenye wali.

Mzee alidhani ninaibusu.
Akageuka, akahesabu ngazi.

Kazi ya dakika ishirini ilichukua saa tatu.
Simiyu ndiye aliyekaza skrubu ya mwisho,
mimi nikimshikia tochi.
Akrabu zikaanza kutembea. Niliziona.
Kiganjani hapakuwa na kitu.

Nimelala nayo leo, sikioni, kuipima.
Ni saa tisa usiku, siafu wameamka,
Kalekye ameweka mkono wake juu ya wangu
na ninajua tu kwa sababu ninauona.
Inachelewa kidogo.
Sikumuuliza mwalimu
ni nani atakayeivaa.