Kisu Kisichokunjwa

Lushinge, mhunzi wa Mlango Mmoja,
nipe nikishike mwenyewe, usinisifie.
Keshokutwa navuka kwenda Rubondo, miezi mitatu
nikifuata nyayo za sokwe,
na duka la karibu liko ng'ambo ya maji.

Springi ya Isuzu, unasema. Sawa.
Chuma kilichobeba pamba ya Misungwi kwenye makorongo
kimekwisha jifunza kupinda na kurudi.
Lakini mkia wake? Umefika mwisho wa mpini,
au umeishia katikati kama ahadi ya shemeji?
Ng'oa hiyo ribiti. Nitalipia.

Ulicheka. Uling'oa.
Ulikuwa umefika.

Nilikilaza juu ya kidole kimoja, kikatulia
kama mdiria kwenye ubua wa funjo.

Baba alikuwa askari wa wanyama.
Kisu chake kilikuwa cha kukunja, cha dukani, kinang'aa.
Siku ya mvua kilijifunga chenyewe
kikaondoka na kidole cha shahada.
Toka hapo alituonyesha njia kwa kidevu.

Basi nikashuka nacho Kirumba, nyuma ya mwalo.
Mafunjo: hayakulia hata.
Kamba ya nailoni: mapigo mawili.
Kigogo cha mkaratusi nilikipasua
kwa kutwanga mgongo wa kisu na rungu,
na mgongo huohuo nikaukwaruza kwenye jiwe jeupe:
cheche, cheche, ya tatu ikala pamba.
Nikajiona fundi.

Ndipo Nyanzobe akanisukumia sangara wa kilo sita.
"Kuni hazitelezi," alisema. "Jaribu huyu."
Nilichoma chini ya pezi, nikasukuma,
na kiganja, kwa ule ute,
kikatembea kutoka mpini hadi makali
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akidhani imebaki moja.

Husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Nyama ya nani, hawasemi.

Kwa hiyo nimerudi, Lushinge.
Makali yako sina neno nayo.
Weka kikomo hapa, mpini unapokutana na chuma,
kitu cha kukiambia kidole: mwisho wako huu.
Hata ile shaba ya koki mbovu
uliyoitupa karibu na mvukuto itafaa.

Umeongeza elfu tatu. Zipokee,
na unisamehe kukupa kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia umefungwa kwa leso ya Nyanzobe
na bado unanuka samaki.