Kwangu Linafeli

Dundee, Novemba, saa tisa na nusu alasiri
na mchana umeshafunga duka.
Jengo letu lilikuwa kiwanda cha magunia;
ukutani bado kuna vyuma ambavyo mafundi hawakujisumbua kuving'oa,
kimoja nimekitundikia taulo.
Laptopu iko juu ya ubao wa kupigia pasi
kwa sababu meza ni ya Lorna, na Lorna ana mtihani.

Nimeshusha programu huria, kazi ya mikono ya watu,
inayosoma ratiba za mabasi kwa sauti
kwa asiyeona kibao cha kituoni.
Nilitaka kurekebisha neno moja tu. Moja.
Wakasema: kwanza majaribio yote yapite kwako.
Haya.

Mara ya kwanza hayakuanza hata kukimbia.
Toleo la zamani. Nikasakinisha jipya.
Jipya likamkataa mwenzake, mwenzake akadai wa tatu,
kama harusi ambayo kila mjomba
ataka kuombwa radhi kabla hajakaa.
Chai ikapoa, ikaota utando.
Saa moja usiku yakaanza kupita,
vitone vya kijani, kimoja, kimoja,
kama choroko zinazochambuliwa na mtu asiye na haraka,
na mwisho:

mia tatu na sita yamepita.
Moja limefeli.

Basi la mwisho kwenda Lochee.
Jaribio linataka liondoke saa tano na dakika arobaini usiku,
tarehe kumi na nne.
Kwangu linaondoka saa nane na dakika arobaini,
tarehe kumi na tano,
saa ambayo hata walevi wa mji huu wameshafika kwao.

Nikamwandikia Eilidh, mwenye mradi.
Akajibu upesi, kwa upole: Kwangu linapita.
Nikafuta, nikashusha upya. Likafeli.
Nikazima, nikawasha. Likafeli.
Nikalisoma mstari kwa mstari, kidole kiooni, midomo ikicheza,
kama nilivyofundishwa kusoma chuoni.
Likafeli kwa utulivu, bila kinyongo.

Saa tatu. Tofauti ni saa tatu kamili.

Nikatazama pembe ya kioo, chini kulia,
penye saa ambayo sikuwahi kuigusa
tangu niliposhuka Edinburgh na begi la zipu mbovu:
saa ya Korogwe.
Niliiacha ili nijue Mwajabu amelala au bado,
mama ameshameza vidonge vya jioni au bado,
nikipiga nitaamsha nyumba au la.
Mwaka wa pili sasa. Nimeizoea hesabu:
dirishani jioni, kiooni usiku mkubwa.

Kumbe jaribio halikukosea.
Liliiuliza mashine: uko wapi?
Na mashine ikasema kweli yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na Eilidh hajapata kulala Korogwe.

Ningeweza kuibadilisha. Mibonyezo mitatu:
Ulaya, London, sawa.
Lingepita, ningelala.
Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka kioo kikafifia.

Kisha nikafungua faili la jaribio,
nikaandika mstari mmoja:
basi lihesabiwe kwa saa ya kituo linapoondokea,
si kwa saa ya anayelisubiri.

Mia tatu na saba. Kijani.

Lorna aliuliza kutoka mezani kama kuna mtu amekufa,
maana nilipiga ukelele, tena kwa Kisambaa.
Nikamwambia hapana, basi limeondoka.

Chini kulia ilikuwa saa nane na dakika kumi na mbili usiku.
Mama amelala. Sikupiga.
Lile neno moja nililotaka kurekebisha
nikalikumbuka asubuhi.